Mkono unaiweza nakshi lakini vitu vinatoka bapa: jibu kwa aliyeuliza kuhusu kubuni maumbo ya pande tatu

Assalaam aleikum wadau.

Ndugu mleta uzi, umesema umefundishwa nakshi na mjomba wako huko Malindi, na mkono wako kwenye ubao hauna shaka. Sasa mwenye nyumba ya wageni kakuomba umbunie taa ya kusimama na vigoda vya barazani, na kila unachotengeneza kinatoka kama ubao uliosimamishwa. Umeuliza mambo mawili: kubuni umbo la pande tatu hujifunzwa vipi, na je, ukope pesa ununue kompyuta uanze na programu za kubunia?

Mimi ni fundi samani hapa Lamu, na vijana hupita karakanani kwangu kujifunza. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona kila siku, na nitakuwa mrefu kidogo kwa sababu jambo hili nalipenda.

Tatizo lako karibu kila kijana anayetoka kwenye nakshi huja nalo. Nakshi huzoesha jicho kusoma kutoka upande mmoja. Mlango uko ukutani, unausogelea kwa mbele, unaona mfaa katikati, miimo pembeni, kizingiti juu, na kina chote cha mchongo hakizidi unene wa kidole. Ukichora vizuri na patasi yako ikiwa kali, kazi imekwisha. Kigoda hakikubali hivyo. Mtu mzima atakiona kwa juu, mtoto aliyekaa sakafuni atakiona kwa chini, mpita njia atakiona kwa ubavu. Wewe umekibuni kwa mbele tu, kisha ukakipa unene. Ndiyo maana kinatoka bapa.

Ukifika Lamu ingia makumbusho yale ya ufuoni uitazame siwa, lile baragumu kubwa la kale. Izunguke. Ona inavyojipinda, inavyonenepa taratibu kutoka ncha hadi mdomo mpana, na tundu la kupulizia lilivyowekwa ubavuni. Halafu futa nakshi yote kichwani mwako. Siwa imebaki siwa, hata mtu aliye mbali ataitambua. Hicho kilichobaki baada ya kufuta ndicho umbo, na ndicho unachotakiwa kujifunza sasa. Nakshi unayo tayari, nayo itangoja.

Kuna mdau hapo juu kaandika kwamba haya ni kipaji, kama hukuzaliwa nacho basi. Sikubaliani naye hata kidogo. Kwenye Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, mwanafunzi hakupelekwa moja kwa moja kwenye ufundi wake. Alipita kwanza kwenye kozi ya msingi ya kuchezea umbo na malighafi, iliyoanzishwa na Johannes Itten. Baadaye Josef Albers alikuwa akiwapa wanafunzi karatasi tupu na kuwaambia watafute karatasi yenyewe inaweza nini, kwa kuikunja na kuikata bila kupoteza hata kipande. Watu hawajengi shule nzima kwa jambo lisilofundishika. Tena mafundi wa vyombo wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi hapa Lamu, hawakuzaliwa na jahazi kichwani. Walikaa miaka chini ya fundi mkubwa, wakishika ubao upande wa pili huku wakitazama anachotazama yeye.

Sasa zoezi. Hili lilikuwa la Rowena Reed Kostellow, mwalimu wa ubunifu aliyefundisha kwa miongo mingi chuo cha Pratt Institute, New York, na ndilo ninaloanza nalo kwa kila kijana. Yeye alitumia udongo. Mimi natumia sabuni ya mche, kwa sababu inakatika kwa kisu cha jikoni, bei yake ni ndogo, na ukimaliza inarudi kwenye ndoo ya nguo.

Kata vipande vitatu vyenye pembe za mraba. Kimoja kiwe kikuu, kinachotawala. Cha pili kimsaidie. Cha tatu kiwe kidogo, cha kuwachangamsha hao wawili. Lakini usikate mkubwa, wa kati na mdogo wenye sura moja, maana hapo umepata baba na watoto wake tu. Kila kimoja kiwe na tabia yake: kimoja kinene kama tofali, kingine bapa na kipana, kingine chembamba na kirefu. Hakikisha hakuna vipimo viwili vinavyolingana, wala kimoja kisiwe nusu kamili ya kingine. Jicho huona nusu upesi sana, likishaiona halina hamu ya kuendelea kutazama.

Kisha viunganishe. Kuna njia tatu. Kipande kimoja kinaweza kumpenya mwenzake, kikaingia upande huu na kutokea ule. Kinaweza kukatiwa pembe, mwenzake akaingia kama kabari. Au kimoja kinampakata mwenzake, akakaa mapajani mwake. Hapa ndipo kazi ilipo. Nawaambia vijana wangu waache kuhangaika na vipande na watazame pale vinapokutana, kwa sababu viungo ndivyo vinavyoamua kama una kitu kimoja au vitu vitatu vilivyogandishwa.

Nitakueleza ilivyokuwa kwa kijana mmoja niliye naye sasa. Alisimamisha kipande kikuu wima, akalaza kile bapa juu yake katikati kabisa, na kile chembamba akakisimamisha juu ya vyote, katikati vilevile. Kwa mbele kilipendeza. Nikamwambia akizungushe. Kwa ubavu kilikuwa kilekile, kwa nyuma kilekile, huna sababu ya kuzunguka. Nikamwomba asogeze kile bapa upana wa kidole kuelekea kushoto, kisha akikate kidogo kwa chini kikae ndani ya mwenzake. Papo hapo ukatokea uvungu upande mmoja, kivuli kikaingia chini yake. Kile chembamba sasa kikaonekana kinaning'inia hewani upande wa pili, kinaomba kishuke. Akakishusha, akakipenyeza. Alikaa na kile kipande cha sabuni mpaka adhana ya alasiri, anageuza, anapunguza, anageuza tena, na hakuna aliyemlazimisha. Hiyo raha ya kugeuza ndiyo ninayoitafuta kwa mwanafunzi, maana ikishaingia, mengine hujifunza mwenyewe.

Fanya vingi. Usipende cha kwanza. Viweke dirishani uvitazame saa tatu asubuhi na tena saa kumi jioni, jua likiwa limehamia upande mwingine. Usiku zima taa, washa tochi ya simu, tazama kivuli kinavyoanguka ukutani huku ukikizungusha kitu taratibu. Kivuli hakina rangi wala nakshi, kinakuonyesha mstari wa nje peke yake, na umbo dhaifu halina pa kujificha.

Baada ya sabuni, nenda kwenye vitu vyembamba: makatoni ya dukani na gundi, halafu waya. Hapa utajifunza uwazi. Sisi watu wa pwani tunao walimu wa uwazi majumbani mwetu bila kuwatazama. Angalia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwenye nyumba za kale za Lamu, ukuta mzima wa chokaa umebuniwa kwa matundu, na ukiyaziba umebaki na ukuta tu. Angalia kiti cha enzi, mpingo mweusi wenye vipande vya pembe, na katikati ya mgongo zimesukwa nyuzi ili jicho lipite. Kina ukubwa wa kiti cha mfalme lakini hakizibi chumba. Kwa taa yako hili ni kubwa kuliko yote, kwa sababu mwanga wenyewe utatoka kwenye sehemu ambazo hukuweka mbao.

Tuje kwenye kazi uliyopewa. Kabla hujashika penseli, nenda ukakae kwenye lile baraza la mteja wako. Kaa kabisa. Jicho la aliyekaa liko urefu gani kutoka chini? Waya wa umeme unatokea wapi? Upepo wa kusi unapiga upande gani, taa isije ikaangushwa? Na kama kazi ingekuwa huku kwetu ningekuuliza pia: kitapita mlangoni? Mitaa ya Lamu hubebewa vitu kwa punda, kwa mkokoteni na kwa mabega ya watu, ngazi za nyumba ni nyembamba, na samani isiyofunguka vipande hubaki uani. Masharti kama hayo usiyaone kero. Mara nyingi kiungo kizuri kabisa hutokana na ulazima wa kitu kufunguka.

Chora vijipicha vingi vidogo, vya haraka, bila kufuta. Chagua vichache. Vitengeneze kwa katoni, vidogo vya kukaa kiganjani, maana kitu cha kiganjani unakigeuza bila kufikiri. Kile kinachobaki kitengeneze kwa ukubwa wake kamili, kwa maboksi na mabaki ya plaiwudi, ukiache barazani siku kadhaa. Hatua hii vijana hupenda kuiruka, nami naisisitiza kuliko zote. Kitu kilichopendeza kiganjani kikifika urefu wa kiuno hubadilika kabisa. Miguu iliyokuwa na maringo inakuwa mizito, kichwa kinaonekana kidogo. Katoni ni ya bure. Ubao wa mvule si wa bure.

Mbao nazo zina kauli. Ukikata mguu uliopinda kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi za mbao zitakatizwa pale penye mpindo, na pale ndipo utakapovunjika. Waunda vyombo wanalijua hili tangu zamani: mataruma ya jahazi, yaani mbavu zake, huyatafuta kwenye miti iliyojipinda yenyewe, nyuzi zifuate umbo. Wanaunda bila ramani ya karatasi, kwa jicho na kwa uzoefu, lakini hawaundi bila kuangalia. Simama siku moja pembeni ya chombo kinachoundwa uone fundi anavyorudi nyuma kila mara, anafumba jicho moja, anahamia upande wa omo kule mbele, anarudi tezini kule nyuma. Naye habuni kwa mbele tu.

Na malighafi ikibadilika, anza majaribio upya hata kama umbo ni la zamani. Mfano tunao hapahapa: Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa na kuvishwa champali zilizookotwa ufuoni, likazinduliwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Fundi Ali Skanda na wenzake walichukua umbo linalojulikana kwa karne nyingi, lakini plastiki haina nyuzi kama mbao na hutanuka zaidi kwa joto, kwa hiyo kiungo kinachofaa kwenye mbao hakiwezi kuaminiwa hivihivi. Ukitaka taa yako iwe ya makuti, ya shaba au ya waya, tengeneza kwanza kipande kimoja cha kiungo kimoja ukitese.

Kompyuta? Usikope. Programu za kubunia maumbo zipo za bure, Blender ni ya bure, FreeCAD ni ya bure, na siku utakayopata mashine utaipenda, hasa kwa kupima na kumwonyesha mteja aliye mbali. Lakini kwenye kioo kitu hakina uzito. Hakianguki, hakikuchomi kiganja kwa pembe yake, hakikwambii kwamba ukikishika kukihamisha vidole havina pa kukaa. Aliyepitia sabuni na katoni akiingia kwenye programu hujua anatafuta nini. Aliyeanzia kwenye programu huongozwa nayo, huchukua kile kilicho rahisi kuchora, na utaona vitu vyake vyote vinafanana na vya kila mtu. Kwa sasa simu yako inatosha: piga picha ya kila modeli kwa pande zote, juu na chini pia, uzipange pamoja. Upande ambao unaona uvivu kuupiga picha ndio ambao hujaubuni.

Jambo moja zaidi, kuhusu kuonyesha kazi. Usimuulize mtu "ni nzuri?" Kwa adabu yetu atakwambia mashaallah na hutajifunza kitu. Muulize: jicho lako limeenda wapi kwanza, kisha wapi? Akikutajia kile kipande kidogo kabla ya kikuu, basi kikuu hakijatawala, rudi kwenye kisu. Waulize wasio mafundi. Mama yangu ni mkosoaji mkali kuliko wateja wote nilionao, na hajawahi kushika patasi.

Mwambie mjomba wako unaiweka nakshi kando kwa muda mfupi, si kwamba umeiacha. Ukipata umbo, utajua pia pa kuiweka na pa kupaacha patupu.

Nunua mche mmoja wa sabuni leo. Ukishaunganisha vipande vitatu, weka picha hapa kwenye uzi: ya juu, ya nyuma na ya uvunguni. Ya mbele usiilete kwanza. Tutaijadili pamoja, inshaallah.