Kreatini na figo: kabla hujafungua hilo kopo

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi, alinitumia picha mbili. Ya kwanza majibu ya maabara, kreatinini (taka ya kwenye damu inayotolewa na figo) 160, eGFR (makadirio ya vile figo zinachuja) 49, ya pili kopo la kreatini, ile poda ya kujenga misuli, bado liko na plastiki yake. Daktari amemwambia figo zimeanza kuchoka na presha iko juu. Treina wa jimu yao naye amemwambia hiyo ni kitu ya kawaida brathe, hata kwa nyama iko. Sasa ananiuliza, "Kaka, wewe unaitumia na uko sawa, mimi je?"

Nijibu kwanza ndio nipige stori: usitumie. Ongea na daktari wako wa figo, na ujue mapema wengi watakataa.

Mimi nimepiga vyuma tangu zile jimu za Eastlands za simiti kwenye mikebe ya rangi, kabla hizi za vioo na kiyoyozi hazijajaa Thika Road, na wengi tulioanza nao saa hii wana vitambi, majina sitaji. Kreatini nilianza nayo taratibu, monohaidreti ya kawaida, gramu 3 kwa siku. Ile mambo ya gramu 20 kila siku wiki nzima ati ya kujaza misuli sikufanya, kwa sababu hata kwa dozi ndogo misuli hujaa tu, ni vile inachukua muda kidogo. Na ilinisaidia, sitadanganya mtu.

Kisha nikapata kazi. Kandarasi ya nje, pesa nzuri, imebaki medikali tu. Nesi akaniuliza kama natumia dawa yoyote, nikamwambia dawa hapana ila natumia kreatini, nikarudia hata, hakuandika kitu. Na jana yake nilikuwa nimepiga miguu vibaya sana halafu jioni tukaangukia choma pale Kenyatta Market. Majibu yakaja kreatinini 136, eGFR 58. Wakaandika nashukiwa kuwa na ugonjwa wa figo na kazi ikapewa mtu mwingine.

Nikatafuta daktari kwa pesa yangu. Akaniambia niache kreatini, nipunguze nyama na vyuma, nirudi baada ya wiki kadhaa. Ikawa 101. Akaongeza kipimo kingine cha figo kwenye damu, sistatini C, ambacho hakisumbuliwi na kreatini unayokunywa, kikawa safi, na mkojo haukuwa na protini. Nikabeba karatasi zote nikapeleka kwa hiyo kampuni, nikapewa chai, nikaambiwa pole nafasi imejaa. Chai! Wacha tu.

Sasa elewa kilichonipata ndio uelewe kwa nini wewe nakukataza. Kreatini mwili wenyewe unaitengeneza, ini na figo zinahusika, nyingine inatoka kwa nyama na samaki, na karibu asilimia 95 inakaa kwenye misuli. Ikishatumika inageuka taka inaitwa kreatinini, figo zinaitoa kwa mkojo. Daktari anapima hiyo taka kwa damu ndio akadirie figo zinachuja kiasi gani. Ukiongeza kreatini taka inaweza kupanda hata kama figo ziko sawa kabisa. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, utafiti wa miaka mingi haujaonyesha dozi ya kawaida ikiharibu figo, na hii naisema kwa sauti kwa sababu kuna shangazi kwenye WhatsApp ya familia alikuwa ashanizika.

Lakini huo utafiti mwingi ulifanywa na watu wazima wa afya. Treina anakusomea majibu ya mtu mwingine. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha kisa cha kijana wa Uingereza wa miaka 25 aliyekuwa tayari na ugonjwa wa figo na anatumia saiklosporini, dawa ambayo yenyewe inaweza kuumiza figo. Akaanza kreatini, vipimo vikaharibika, alipoacha vikarudi. Kisa kimoja si ushahidi wa kutosha na watu wamebishana juu yake sana, ila angalia vile alifanana na wewe kuliko anavyofanana na mimi.

Na tuseme hata poda isikuumize. Bado imekuharibia geji. Geji mbovu unaweza kuzunguka nayo hapa tao, hauendi nayo Lodwar. Hiyo 160 yako ikifika 190 daktari hatajua ni ugonjwa au ni kopo, na wewe utamwambia "ni kreatini tu daktari" kumbe figo zinaenda kweli. Hiyo ndio inaniogopesha mimi, kuliko poda yenyewe.

Hii inawahusu pia wenye figo moja, waliopandikizwa, na wenye sukari au presha ambao hawajawahi kupimwa. Vijana mnapenda kununua kopo la elfu kadhaa halafu kipimo cha damu na mkojo mnasema ni ghali! Pima kwanza. Na ukienda kupima usiende umetoka kula choma na kupiga skwati, na mwambie daktari kila kitu unachokunywa, ukiona haandiki mwambie aandike, mbele yako.

Halafu zile diklofenaki na ibuprofeni mnanunua kwa kemisti kila mkiumwa mgongo, hizo kwa mwenye figo mbovu ni hatari kuliko hata hili kopo tunalojadili, na hakuna mtu huniuliza. Ati pia unywe maji mengi kreatini isafishwe, treina aache hiyo, kuna wagonjwa wa figo ambao daktari amewapimia hata maji.

Kwa hivyo kijana wangu wa Umoja, vyuma endelea, taratibu, presha ikishatulia na daktari akijua. Na kama plastiki haijatoka, tafuta risiti urudishe hilo kopo dukani wiki hii.