Msaada wa maafa wakati wa uchaguzi: je, aliyepokea ana deni la kura?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni katibu wa kamati ya misaada ya msikiti wetu. Mafuriko yametukuta wiki chache kabla ya uchaguzi, na mbio za safari hii zimebanana, kila upande unahesabu kura nyumba kwa nyumba. Mgombea mmoja ametuletea mablanketi, mahema na magunia ya chakula. Mengine tunajua kabisa yametoka ghala la serikali, ila yamebandikwa picha yake. Anataka orodha ya waliopokea pamoja na namba za kadi zao za kupigia kura, na kuna watu waliapishwa wakiwa wameshika Msahafu kwamba watampa kura zao.

Juzi wakati wa kugawa, vijana wetu waliipita nyumba ya mama mjane kwa sababu paa lake limefunikwa bango la mgombea wa upande wa pili. Nilipomfuata baadaye aliniambia bango lile aliliokota likielea, akalipandisha juu kwa kuwa halipitishi maji. Yeye hata kusoma hajui. Ndani watoto wake walikuwa wamelala juu ya meza. Wenzangu wananiambia: "Katibu, msaada huu ni wa kwetu, wale nao wana wa kwao." Je, inafaa kuanza na watu wetu? Aliyepokea ana deni la kura? Na walioapa wafanyeje?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu katibu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye bango. Acha nianzie hapo, ingawa wewe umeliweka katikati ya maneno mengine.

Mwenyezi Mungu anasema katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6: "Enyi mlioamini! Akikujieni mpotovu na habari yoyote, ichunguzeni, msije mkawasibu watu kwa kutojua, mkawa wenye kujuta kwa mliyoyatenda." Vijana wenu waliona kitambaa chenye sura ya mtu, wakakifanya ushahidi juu ya moyo wa mama ambaye hawakumsalimu wala kumbishia hodi. Maji yalikuwa mlangoni pake, na maji hayo ndiyo waliyotumwa kuyaangalia. Wamemsibu mtu kwa kutojua. Lakini nataka twende mbele zaidi, kwa sababu naogopa mtu asije akasema kosa lao ni kwamba walikosea kumjua. Tuseme mama huyo angekuwa mfuasi hasa wa upande ule, bango amelinunua kwa fedha yake na kulitundika kwa mapenzi. Hukumu isingebadilika hata kidogo. Kumpita kungekuwa dhuluma ileile.

Jambo hili haliko kwenu peke yenu. Mwaka 2024, baada ya kimbunga Milton kupiga Florida huko Marekani, mfanyakazi wa idara ya maafa ya serikali kuu, FEMA, aliwaagiza wenzake wazipite nyumba zenye mabango ya mgombea mmoja wa urais. Idara yenyewe ilikiri kuwa nyumba kadhaa zilirukwa, ikamfukuza kazi. Wale si Waislamu wala hawahukumu kwa sharia yetu, lakini maumbile aliyotuumbia Mola wetu yaliwaambia kuwa mtu aliyefikwa na kimbunga haulizwi chama. Itakuwa aibu kwa kamati ya msikiti kushuka chini ya hapo.

Tazama Qur'ani inavyowasifu watu wema katika Sura Al-Insan, aya ya 8 na ya 9: wanalisha chakula, hali wanakipenda, "masikini na yatima na mfungwa," wakisema, "Tunakulisheni kwa ajili ya radhi ya Mwenyezi Mungu tu, hatutaki kwenu malipo wala shukrani." Mfungwa wa zama zile alikuwa nani? Wapo wafasiri wa mwanzo waliosema alikuwa mshirikina aliyetekwa vitani, mtu ambaye jana alikunyooshea upanga. Na katika Sura Al-Baqara, aya ya 272, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa iliteremka pale baadhi ya Waislamu walipoona uzito kuwapa sadaka ndugu zao washirikina. Wakaambiwa kuongoka kwa watu hakuko mikononi mwao, na kheri wanayotoa ni kwa nafsi zao wenyewe.

Kisha kumbuka kisa cha Thumama bin Uthal (R.A.), mkubwa wa Bani Hanifa katika nchi ya Yamama. Aliposilimu alikwenda Makka kufanya umra, Makureshi wakamsimanga. Akaapa kuwa haitawafikia hata punje moja ya ngano kutoka Yamama mpaka Mtume (S.A.W.) aruhusu. Makka iliitegemea nafaka hiyo, njaa ikawakaza, wakamwandikia Mtume wakimkumbusha udugu. Hawa ndio waliomtoa katika mji wake na kumpiga vita. Angeweza kusema: subirini mpaka msalimu amri. Aliandika barua kwa Thumama awaachie chakula kipite. Basi mwenzako anaposema "wale nao wana wa kwao," muulize ni uadui gani mlionao nyinyi na jirani zenu unaofikia ule wa Makureshi.

Na kuna usiku mmoja wa Umar bin Khattab (R.A.) ambao husimuliwa sana mimbarini, ila naona sehemu yake nzito zaidi hurukwa. Alitoka na mtumishi wake Aslam, wakaona moto kwa mbali, wakamkuta mwanamke ameteleka chungu cha maji matupu huku watoto wanalia njaa, anawapumbaza mpaka walale. Umar alipomuuliza, alijibu: Mwenyezi Mungu ndiye atakayehukumu kati yetu na Umar. Hakujua anasema na nani. Kwa lugha ya leo, mama yule alikuwa mpinzani wa serikali, tena analalamika mbele ya mkuu wa nchi mwenyewe. Umar alikimbia hadi ghalani, akatoa gunia la unga na mafuta, Aslam akataka kumbebea, akamwambia: "Wewe utanibebea mzigo wangu Siku ya Kiyama?" Akalichukua mgongoni, akapika kwa mkono wake, akipuliza moto hadi moshi ukawa unapenya ndevuni mwake. Watoto wakala wakashiba. Mama akasema: wewe ungestahili ukhalifa kuliko Umar. Hata hapo hakujitaja jina. Zingatia hapo, ndugu yangu. Mtu ana ghala, ana nafasi ya kujisafisha mbele ya anayemlaumu, na neno moja tu lingetosha. Akanyamaza.

Ndiyo maana hizo picha zilizobandikwa juu ya magunia zimenikera. Kama mzigo umetoka ghala la serikali, ni mali ya umma, na yule mama ana sehemu yake humo kama alivyo nayo mgombea. Kuubandika sura yako ni kudai fadhila ya kitu ambacho si chako. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, akarudi akisema: hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari kwa hasira, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata. Hadithi hii wameipokea wakusanyaji wa hadithi, Bukhari na Muslim. Mgombea wenu naye aulizwe hivyo hivyo: kama si kura, magunia yangekuja na sura yake? Zibandueni hizo picha kabla ya kugawa. Akikataa, mwambieni kamati itagawa kilicho cha umma kwa jina la umma, na kilicho chake binafsi akigawe mwenyewe.

Kama kweli kuna alichotoa mfukoni mwake, basi ajihadhari na Sura Al-Baqara, aya ya 264: "Enyi mlioamini! Msiziharibu sadaka zenu kwa masimbulizi na maudhi." Na akikifunga na sharti la kura, kimetoka katika sadaka na kuingia katika rushwa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi.

Je, waliopokea? Aliyelala majini akapokea blanketi hana lawama. Ni mwenye dharura, na zaidi ya hapo ni mwenye haki. Dhambi ya sharti inamrudia aliyeliweka, na sharti lenyewe ni batili. Katika hadithi ya Barira (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume alisema kila sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia. Deni la kura halipo. Anayelaumiwa ni yule asiye na shida, anayezunguka kambi hadi kambi akiuza kura yake kwa jina la mafuriko.

Kura ni ushahidi. Unashuhudia kuwa fulani anafaa kukabidhiwa amana za watu, na Sura An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Bukhari na Muslim wamepokea pia kuwa miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama ni mtu aliyempa kiongozi bai'a, yaani ahadi ya utii, kwa ajili ya dunia tu: akipewa anatimiza, asipopewa anavunja. Nikiisoma hadithi hii nyakati za uchaguzi mwili hunisisimka.

Kuhusu viapo, aliyelazimishwa kuapa hafungwi na kiapo chake, na hiyo ni kauli ya wanavyuoni walio wengi. Na mtu anayeambiwa "apa kwanza ndipo upewe" huku mtoto wake analoa, kwangu mimi yu karibu sana na aliyelazimishwa. Lakini kwa anayetaka kutuliza moyo, Mtume amesema katika hadithi ya Muslim kuwa anayeapa kisha akaona lililo bora kuliko hilo, afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara ni kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Wengi wao hao ni masikini wenyewe, basi watafunga. Wasihofu, na wapige kura wanavyoona mbele ya Mola wao. Aliyewashikisha Msahafu ndiye anayehitaji toba.

Orodha ya namba za kadi msiitoe kamwe. Daftari la kamati liandike jina, idadi ya watu nyumbani, walichopoteza na walichopata. Basi.

Msinifahamu vibaya kwamba kiongozi asifike kwenye maafa wakati wa kampeni. Afike, ni wajibu wake. Agosti 2002 mto Elbe na mito inayoingia humo ilifurika nchini Ujerumani, Kansela Gerhard Schröder akaenda Grimma akiwa amevaa viatu vya mpira, na Septemba 22 chama chake na wapinzani wake wakuu wakapata asilimia 38.5 kila upande, tofauti ikawa kura zipatazo 6,000 katika nchi nzima. Nia yake anaijua Aliyemuumba. Ila hesabu kama hiyo inakuonyesha kwa nini mbio zikibanana shetani anakaa karibu na magunia. Na ipo mifano ya kutia moyo: kimbunga Sandy kilipoipiga New Jersey, Oktoba 29, 2012, gavana Chris Christie wa chama cha Republican alimpokea Rais Obama wa Democratic na kumshukuru hadharani, siku chache tu kabla ya uchaguzi. Watu wa chama chake walimlaumu sana. Mimi naona alifanya linalompasa aliyekabidhiwa watu.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo linaniuma. Watafiti wawili wa Marekani, Andrew Healy na Neil Malhotra, walionyesha mwaka 2009 kuwa wapiga kura humtunuku kiongozi kwa msaada anaotoa baada ya maafa, lakini hawamtunuku kwa fedha alizotumia kuyazuia, wakati dola moja ya kujikinga huokoa takriban dola 15 za hasara ya baadaye. Wafundisheni watu wenu waulize: mifereji ilizibuliwa lini? Tahadhari ilitolewa? Nani alipewa amana hiyo kabla mvua haijanyesha? Hayo ndiyo ya kushuhudia kwenye sanduku la kura, kwa mgombea wa upande wowote.

Nitakwambia la kwangu. Zamani nilikaa katika kamati kama hiyo yenu. Majina yalisomwa, nikaona "wetu" wametangulia wote na wengine wako karatasi ya mwisho, mzigo ukaisha kabla haijafikiwa. Nilikuwa na haki ya kusema nikanyamaza, nikijiambia wakubwa wanajua. Kuna mzee alikuwa amesimama nje ya ukumbi na ndoo tupu, akaondoka nayo tupu. Nimeomba msamaha kwa Mola wangu mara nyingi, lakini haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe, na mzee yule sikumpata tena.

Wewe mama yule unajua anapokaa. Nendeni leo kabla ya Magharibi, wewe pamoja na vijana walewale walioipita nyumba yake, na wao ndio wabebe. Mpeni fungu lake kamili na lililompita juzi, na turubai zuri la paa, na wamwombe radhi kwa vinywa vyao. Mkilishusha lile bango, msiligeuze gumzo la mtaani. Kisha rudini na daftari mhesabu ni nyumba ngapi nyingine zilirukwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.