Muulize Fundi: Gauni la mshazari, pindo limenikimbia

SWALI: Shikamoo mama. Nashona Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Nilimshonea mteja gauni refu la satini la sendofu, nikalikata mshazari kama kwenye picha aliyoniletea. Nilipomkabidhi lilikuwa limenyooka. Siku ya shughuli pindo limeshuka mbavuni, mishono ya pembeni imejikunja. Sasa mdogo wake naye analitaka kama hilo. Nikatae?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikatae, ila usimpe tarehe ya karibu.

Ukikata kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, kitambaa kinatulia. Ukikata mshazari, mtande na mshindio, yaani nyuzi za upana, vyote vinakaa kwa pembe, gauni linavutika na kushuka kwa uzito wake lenyewe. Ndiyo maana linaushika mwili vizuri bila dati nyingi (mikunjo ya kushonwa ya kubana umbo), na ndiyo maana lilikuaibisha. Halishuki sawasawa, mahali penye mshazari kamili hushuka zaidi.

Basi shona mabega na mbavu, kisha litundike mpaka kesho yake. Satini nzito ipe siku mbili. Ndipo mteja alivae, na viatu vyake vya siku ya shughuli, upime pindo kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, pini kila baada ya kiganja. Ukipima kutoka kiunoni utaniandikia tena.

Mishono ilijikunja kwa sababu kitambaa kilivutika, uzi ukagoma. Kama cherehani chako ni cha kukanyaga na hakina zigizagi, kivute kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano unaposhona. Kidogo, nimesema. Na usikate satini ikiwa imekunjwa, itateleza.

Bingwa wa mkato huu, Madeleine Vionnet wa Paris, aliyefungua nyumba yake ya mitindo mwaka 1912, alikuwa akijaribia kwanza kwenye sanamu dogo la mbao, na akiagiza vitambaa vipana kuliko vya kawaida. Wewe jaribia kwa kitambaa cha bei rahisi, lakini si marekani, kile kitambaa cha pamba; ni kigumu, kitakudanganya. Mimi nikishuka Moshi kutoka Arusha hupitia soko la Memorial kutafuta mashuka laini ya mtumba kwa kazi hiyo.

Mkato huu unakula kitambaa, kwa hiyo mwambie aongeze mita, na chukua malipo ya awali kabla ya kushika mkasi. Lile gauni la dada yake liite, ulisawazishe pindo bure. Limeshamaliza kushuka.