Uliza Fundi: Shahada ya viyoyozi, au cheti kwanza?

Shikamoo Dada Fundi. Niko Fort Worth, Texas, mwaka wa saba sasa tangu tutoke kambi ya Nyarugusu. Nina miaka 34, mke na watoto watatu, na sote tuna kadi ya kijani. Napakia mizigo ghalani kwa dola 19 kwa saa. Zamu yangu huanza saa nne usiku, lakini jioni nne kwa wiki naingia saa mbili ili nipate saa nane za ziada. Chuo cha jamii cha hapa kina shahada ya miaka miwili ya ufundi wa viyoyozi na mifumo ya joto: krediti 60, yaani vipimo vya masomo, kila moja dola 90. Madarasa ni jioni, saa zile zile. Mke wangu anasema watoto watalala njaa kwa ajili ya karatasi. Rafiki anasema cheti cha mwaka mmoja kinatosha. Nishike lipi?
Baba Neema

Marahaba, kaka yangu. Wifi anakushinda hesabu, kwa hiyo naanza na yake.

Krediti 60 kwa dola 90 ni dola 5,400. Hiyo ndiyo ada, na ni ndogo. Sasa tazama saa zako za ziada: dola 28.50 kila moja, yaani 19 mara moja na nusu, na saa nane ni dola 228 kwa wiki. Mwaka wa masomo una kama wiki 32. Miaka miwili inameza dola 14,592. Bei hiyo ofisi ya usajili haikuandikii popote, ila wifi anaiona kila akifungua friji.

Na malipo yake? Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinamweka fundi wa katikati, yaani nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, kwenye dola 59,810 kwa mwaka. Wewe na saa zako za ziada unafika kama 51,400. Tofauti ni elfu nane na ushee, tena hutaanzia katikati. Mimi nilianza mwaka 2013 kama msaidizi kwa dola 15, nabeba ngazi na kusafisha koili za watu wenye mbwa watatu. Mwaka wa kwanza kipato kilishuka. Mwaka wa tatu ndipo nilipoacha kuhesabu sarafu kabla ya kujaza mafuta.

Hata hivyo, usiache. Anza na cheti, ila ukichukulie hapo hapo chuo cha jamii. Mimi mafriji nilijifunza chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, nikafika huku nikanaswa na shule moja ya binafsi: miezi tisa, mkopo wa dola 17,000. Nilipotaka kujiendeleza chuo cha jamii, hawakupokea hata krediti moja ya shule ile. Mkopo nimeumaliza mwaka juzi. Kwa hiyo muulize mshauri wa chuo, akujibu kwa maandishi: je, krediti zote za cheti zinahesabiwa kwenye shahada? Zikihesabiwa, basi umeingia shahada kwa mlango wa jikoni, na unaweza kutoka kwenda kazini ukarudi.

Kazini ndiko unakotakiwa kuwahi. Texas inadai miezi 48 ya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni, ndani ya miezi 72, ndipo na wewe uombe leseni ya kujitegemea. Wahi basi kuanza kuihesabu miezi hiyo. Katika mwaka wa cheti fanya mtihani wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, wa kifungu cha 608, ule unaojumuisha daraja zote. Bila kadi hiyo hupaswi kugusa gesi ya mfumo. Ukiipata haiishi muda wake. Halafu jiandikishe kama fundi TDLR, idara ya leseni ya Texas. Na kama leseni yako ya gari ina madoa, anza kuyasafisha leo. Kampuni zinakupa gari lao, na bima yao huangalia rekodi ya dereva kabla haijaangalia cheti.

Kabla hujalipa, omba kuingia karakana ya chuo. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mifumo mipya ya nyumbani haitengenezwi tena kwa gesi ya R-410A. Imekuja R-454B na R-32, ambazo zinaweza kushika moto kidogo na zina utaratibu wake wa kuzishika. Ukikuta wanafundisha kwa mashine za zamani tu, uliza mpya zinakuja lini.

Shahada hulipa baadaye, kwa anayelenga hospitali na majengo makubwa, kwenye mitambo inayoendeshwa kwa kompyuta. Nakiri pia kwamba somo nililolidharau, la kuandika Kiingereza, ndilo lililonipandisha: ripoti yangu ya kompresa iliyoungua ilieleweka na mteja bila kupigiwa simu, bosi akaanza kunituma mimi kwa wateja wakubwa. Wapo pia wanaosoma kupitia chama cha wafanyakazi, miaka mitano huku wanalipwa. Ulizia, ingawa nafasi hugombaniwa.

Jambo moja halimo kwenye kijitabu cha chuo: Agosti, darini mwa nyumba ya Texas, joto hupita nyuzi 50, nawe umelala kifudifudi juu ya sufi ya kioo. Kama mgongo unakusumbua tangu ghalani, liwaze hilo mapema.

Sasa habari njema kwa wifi. Ruzuku ya Pell, msaada wa masomo wa serikali ambao haurudishwi, inafika dola 7,395 kwa mwaka wa 2025–26 kwa anayesoma muda wote. Kwa familia ya watu watano na kipato kama chenu, sitashangaa mkipata karibu yote. Ada ya krediti 30 ni dola 2,700. Mkipata yote, inabaki 4,695, na saa za ziada utakazokosa mwaka huo ni dola 7,296. Toa vitabu, geji na multimita, bado pengo limepungua sana. Fomu ya kuiomba, FAFSA, ijazeni pamoja, yeye ashike kikokotoo.