Kuhusu thala ya Saksonia ya 1592: ipime kabla hujalipa

Ndugu, umeuliza kama ununue thala, yaani sarafu kubwa ya zamani ya fedha, ya Saksonia huko Ujerumani, ya mwaka 1592, inayong'aa kama mpya, yenye alama ndogo ukingoni, na kama uisafishe zaidi.

Anza na mizani ya sonara. Kwa kipimo cha himaya ya Ujerumani cha 1566, thala nzima ilikuwa na gramu 29.23, na kati ya hizo madini halisi ya fedha yalikuwa karibu gramu 26. Ikipungua nusu gramu, huenda ni kuchakaa tu. Ikipungua gramu tatu, achana nayo. Tafuta pia herufi HB, za Hans Biener, msimamizi wa kiwanda cha sarafu cha Dresden.

Hiyo alama ukingoni ndiyo inayonitia wasiwasi. Thala nyingi zilivaliwa shingoni kama kidani, na kikonyo cha kuning'inizia kikitolewa hubaki doa la lehemu. Iangalie kwa lenzi, ukiizungusha taratibu. Ukiona mshono unaozunguka ukingo mzima, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, ni bandia.

Kusafisha, tafadhali usithubutu! Ule weusi uliotulia kati ya herufi umechukua miaka mingi kujijenga, na wakusanyaji huulipia. Mng'ao unaousifu, kwangu mimi, ni dalili kwamba huenda imeshasafishwa, na ni sababu ya kuomba bei ishuke.