Roli baa kwenye gari la wazi la kila siku: anza na kichwa

Nilishonwa nyuzi nne kisogoni, na kilichonipasua ni chuma nilichokifunga mwenyewe ili kiniokoe.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa hapa Tabora. Nampeleka mke wangu kazini, tumesimama kwenye makutano tunasubiri lori lipite. Pikapu ikatugonga nyuma. Haikuwa na mwendo, hata bampa yangu haikupasuka. Lakini siti ya gari dogo la watu wawili ina mgongo mwepesi. Ukigongwa kutoka nyuma unalala, na wewe unalala nao. Kichwa kikaenda nyuma kikakutana na bomba la chuma. Mke wangu hakuguswa kwa sababu ni mfupi kuliko mimi, kichwa chake kiliishia kwenye siti. Nilipogusa shingo nikakuta shati limelowa damu.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye gari la wazi, lile la kufunua turubai, anayefikiria kufunga roli baa. Simwambii asifunge. Mimi ninayo mpaka leo na siwezi kuendesha bila hiyo. Ila nataka aifunge akijua nilichokijua kwa nyuzi nne.

Roli baa ni lile tao la bomba linalosimama nyuma ya siti kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, likiwa na mihimili miwili inayoteremka kwenda nyuma. Kazi yake ni moja: gari likigeuka juu chini, tao lifike ardhini kabla ya kichwa chako. Gari lenye paa la bati lina nguzo zake. La turubai halina. Kinachobaki ni fremu ya kioo cha mbele, na kwenye magari mengi ya zamani fremu hiyo haikutengenezwa kubeba uzito wa gari zima.

Langu ni Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka mwaka 1989, ambayo nchi nyingine huitwa MX-5. Mwaka huohuo 1989 Mercedes-Benz walitoa SL mpya yenye tao lililolala nyuma ya siti, ambalo gari likihisi linapinduka huruka juu kwa muda wa kama theluthi moja ya sekunde. Porsche nao, mwaka 1965, walishaonyesha 911 Targa yenye tao pana la kudumu katikati. Kwa hiyo wazo hili si la vijana wa mbio peke yao, watengenezaji wenyewe walishaliona. Roadster yangu haikupewa chochote.

Kabla sijafunga tao lolote, nilianguka nayo mtaroni siku moja nikirudi kutoka Sikonge. Mbuzi aliruka barabarani, nikakata usukani, magurudumu mawili yakatoka kwenye lami, gari likateremka taratibu na kulala ubavu. Turubai lilikuwa limefunuliwa. Nilikuwa nimening'inia kwenye mkanda, na nyasi za mtaroni zilikuwa zinanigusa sikio. Zilinigusa sikio kabisa. Mtaro ungekuwa na kina cha nusu mita zaidi, gari lingemaliza mzunguko na mimi nisingekuwa naandika. Wiki ileile nikaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia fundi, "Nitengenezee kama ya magari ya rali." Fundi akafanya nilichomwambia. Alitengeneza tao lililokaa karibu sana na siti, chuma kitupu, likapakwa rangi nyeusi. Likapendeza sana.

Dereva wa rali amevaa helmeti. Mwili wake umebanwa na mikanda ya pointi nne au sita, yaani iliyoshikiliwa sehemu nne au sita, na siti yake imezunguka mabega na haikunji mgongo. Chuma kikiwa karibu na kichwa chake, kuna helmeti katikati. Wewe unakwenda sokoni kichwa wazi, mkanda wako unakuruhusu kuinama na kugeuka, siti yako inalala ukigongwa. Bomba lilelile linalomwokoa yeye linaweza kukuua wewe kwenye ajali ndogo ya mjini, ambayo bila bomba ungetoka na maumivu ya shingo tu. Na ajali ndogo za mjini ndizo nyingi.

Ndiyo maana nasema anza na kichwa. Kabla hujakata bomba, kaa kwenye siti kama unavyokaa kila siku, siyo kama unavyokaa ukipigwa picha. Funga mkanda. Kisha mtu alaze ubao mnyoofu kutoka mahali ambapo kilele cha tao kitakuwa hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Kichwa chako kinatakiwa kiwe chini ya ubao huo, na nafasi ya angalau sentimita tano ibaki. Ubao ukigusa nywele zako, tao ni fupi, na tao fupi ni pambo. Mrefu kuliko wote wanaopanda gari hilo ndiye apimwe. Mimi nilipimwa baada ya kushonwa, na tao langu la kwanza likaonekana lilikuwa fupi kwa vidole viwili. Yaani lilikuwa karibu vya kutosha kunipasua na fupi mno kuniokoa.

Ukishapata urefu, pima nyuma. Mwambie mtu asukume mgongo wa siti kwa nguvu zake zote wewe ukiwa umekaa, na utazame kisogo kinafika wapi. Tao likae nyuma zaidi ya hapo, kadiri gari linavyoruhusu. Kwenye Roadster nafasi ni ndogo kwa sababu turubai linakunjwa hukohuko, kwa hiyo utahitaji na sponji.

Sponji lenyewe nalo lina mambo yake. Nimeona watu wakizungushia sponji la godoro, wengine lile la kuvalisha mabomba ya viyoyozi. Libane kwa kidole gumba. Kama kidole kinasikia chuma, kichwa kitakisikia mara mia. Linalofaa ni gumu, zito, linalokataa kidole lakini linakubali pigo. La aina hiyo hutengenezwa makusudi kwa roli baa, na lina alama ya viwango vya vifaa vya mbio, SFI 45.1 au FIA 8857-2001 (FIA ni shirikisho la kimataifa la michezo ya magari). Mimi niliagiza, likachukua muda, na nikaendesha polepole mpaka lilipofika. Lifungwe kila mahali kichwa kinapoweza kufika, pamoja na pembeni.

Kwa sababu hiyohiyo sikushauri kizimba kamili, yaani mabomba yanayopita juu ya milango na kuteremka karibu na kioo cha mbele. Kwenye gari la kila siku hilo bomba la pembeni linakaa sentimita chache kutoka kwenye panja la uso wako. Tao la nyuma linatosha.

Sasa chuma chenyewe. Tao langu la kwanza lilikuwa la bomba la maji, kwa sababu ndilo lililokuwa dukani. Bomba la maji lina mshono kwa urefu wake wote, limetengenezwa kubeba maji, na likiwa la mabati moshi wake mweupe wakati wa kuchomelea unampa fundi homa. Kanuni za FIA zinataka tao kuu liwe la bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene milimita 2.5, au 50 kwa 2.0. Wewe hushindani, lakini gari lako likigeuka lina uzito uleule. Likunjwe likiwa baridi, kwa mashine, na kona ziwe pana. Mafundi wetu wamezoea kujaza mchanga na kupasha moto, na kwa geti la nyumba hiyo ni kazi nzuri. Kwa tao, bomba likibonyea kwenye kona, hapo ndipo litakapokunjika.

Lakini hata chuma kizuri hakisaidii bila miguu. Nilimwomba fundi wa pili aning'inie kwenye lile tao la kwanza. Alishika kilele kwa mikono miwili akajivuta, na mimi nikiwa nimepiga magoti nikatazama bati la chini. Lilipumua. Likapanda, likashuka, kama debe la mafuta ukilibonyeza. Bolti zilikuwa zimepita kwenye bati moja jepesi, zikashikwa na washa ndogo.

"Mzee," akaniambia, "chuma ni kizima. Kitakachochanika ni gari."

Bati la bodi halifiki milimita moja. Gari likigeuka, miguu ya tao inatoboa bati kama msumari unavyotoboa kopo, na tao linazama ndani. Kwa hiyo kila mguu ukae juu ya bamba la chuma la milimita 3 au zaidi, lenye ukubwa wa sentimita za mraba 120 au kuzidi, yaani karibu kiganja kizima cha mtu mzima pamoja na vidole. Na chini ya bati kuwe na bamba jingine, ili bati libanwe katikati. Bolti zisipungue tatu kwa kila mguu wa tao kuu, za milimita 8 au zaidi, na kichwani ziwe zimeandikwa 8.8, namba ya nguvu ya chuma chake. Bolti isiyo na namba kichwani irudishe dukani. Mihimili ya nyuma nayo ipewe mabamba yake.

Kwenye Roadster tangi la petroli liko nyuma ya siti, chini ya bati lilelile unalotaka kulitoboa. Tafadhali sana, usimruhusu mtu achomelee hapo. Tao lote lichomelewe nje, liingizwe likiwa limekamilika, lifungwe kwa bolti. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari na tochi ujue tangi linaanzia wapi, bomba la breki linapita wapi, na nyaya ziko wapi. Drili yangu nimeivalisha kipande cha mpira ili ncha isizame zaidi ya inavyotakiwa. Betri iondolewe kabisa.

Mkanda wa pointi tatu uliokuja na gari ubaki, na uhakikishe mguu wa tao haubani ile koili yake inayoukunja. Bila mkanda, tao halina maana: gari likipinduka utarushwa nje, au utapigwa na tao lenyewe. Ile mikanda ya mbio ni mizuri kwa mbio, ila kwa safari za dakika tano mjini utachoka kuifunga, na siku usiyofunga ndiyo hiyo. Mtoto mdogo simpakii kwenye gari hili hata siku moja.

Kuna vitao vyembamba vya kung'aa vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kuvutia. Hivyo ni vya urembo. Kama unapenda urembo nunua, lakini usijidanganye mbele ya mke wako kuwa umemlinda.

Hakikisha turubai linafunga kabla hujakaza bolti ya mwisho. Mvua zetu za Novemba mpaka Aprili hazisubiri mtu, na tao lililokaa vibaya linasugua lile dirisha la plastiki la nyuma mpaka linatoboka. Wajulishe watu wa bima kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Tao la pili lilinigharimu zaidi ya seti ya matairi manne, na lilichukua miezi mitatu. La kwanza nililikata mwenyewe kwa grenda, vipandevipande, ili asije mtu akaliokota akamfungia mwingine.

Baada ya kilomita mia chache za kwanza kaza bolti zote tena, na kila ukitoka kwenye barabara ya vumbi zikague. Mimi nimechora mstari mweupe wa rangi juu ya kila nati ukaendelea kwenye bamba lake. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unaachana. Jumapili niliporudi kutoka kijijini kufuata asali nililala chini ya gari na tochi, nikahesabu mistari mmoja mmoja. Mmoja wa mguu wa kushoto ulikuwa umeachana kwa unene wa ukucha, nikaikaza nati yake palepale kabla ya kuoga.