Nyoka kwenye bwawa la perege, na unga unaouziwa

SWALI: Nina bwawa dogo la perege nyumbani, Nzuguni, Dodoma. Tangu Agosti kuna nyoka mwembamba, rangi ya udongo, anaogelea humo kila jioni. Jirani anasema nizungushie oili chafu, na kijana mmoja kaniuzia unga wa kufukuza nyoka. Nianze na kipi?

JIBU: Usianze na chochote. Oili ikifika majini hutanda juu, hewa haipiti, na watakaokufa ni perege wako. Unga wa aina hiyo niliowahi kuletewa ulikuwa kiberiti upele, na nyoka anaukatiza kama anavyokatiza vumbi. Unasifiwa kwa sababu mvua za Desemba zikianza vyura hutawanyika, nyoka naye huwafuata, na muuzaji anajipigia makofi.

Maana kilichomleta ni hao vyura. Kiangazi cha Dodoma unakijua. Bwawa lako ndilo kisima cha mtaa mzima. Fyeka majani ukingoni, ziba mianya ya mawe, na chakula cha samaki kifunike, kinaita panya. Wavu wa kufunikia bwawa uwe wa matundu madogo na uvutwe ukaze. Ule chakavu wa kuvulia utamnasa nyoka, halafu nani atamnasua?

Huenda ni nyoka wa maji tu, anayekula vyura na vifaranga vya samaki, asiye na sumu ya kumdhuru mtu. Lakini usimtambue kwa rangi. Swila naye anaogelea, na vyura anawapenda vilevile. Usimshike.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wauza unga huo wengi wana pia jiwe la nyoka mfukoni, lile linalodaiwa kunyonya sumu, na nyoka asiye na sumu ndiye anayewajengea jina. Anakuuma, jiwe linabandikwa, linaganda kwa sababu linafyonza damu ya jeraha, kesho yake u mzima, sifa kwa jiwe. Sasa ngoja aje kifutu. Jiwe ni lilelile, saa zinakwenda, mguu unavimba, na mgonjwa anafikishwa hospitali akiwa amefungwa mpira wa baiskeli na kuchanjwa wembe juu yake.

Akiuma nyoka yeyote, hata huyo wako: vua pete na viatu, usifunge, usichanje, usinyonye. Kiungo kitulizwe kwa ubao na kitambaa, mgonjwa abebwe, asitembee, apelekwe hospitali. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi papo hapo, wala si utomvu wa mnyaa, kisha hospitali hiyohiyo.